Ampli Katika Chumba cha Bibi Arusi

Kwa akina Grégoire bibi arusi hatoki mwenyewe, hutolewa. Shangazi wa mume huja akamshika mkono, akamvusha kizingiti, akampa jembe, naye bibi arusi akalima mstari mmoja mbele ya watu. Baada ya hapo anaweza kwenda sokoni, kanisani, popote atakapo. Kabla ya hapo anakaa ndani, na nyuma ya nyumba anakwenda alfajiri na jioni tu, uwanja ukiwa mtupu. Kule Walungu, kilimani kwao, ilikuwa miezi. Huku Kadutu, kwa ajili ya maisha ya mji, jamaa walikuwa wamepunguza hadi wiki mbili, na Apolline alipoolewa ndivyo alivyoambiwa: wiki mbili.

Sasa ilikuwa wiki ya saba.

Hakuna aliyekosa. Shangazi mwenyewe, Virginie, alikuwa amekwenda Bunyakiri kumwangalia binti yake aliyejifungua, na mvua zikaangusha mlima juu ya barabara. Malori hayakupita tena. Alituma barua kwa mkono wa muuza mawese aliyekuja kwa miguu: "Mwali asitolewe na mutu mwingine. Niko hai. Muningoje." Basi wakamngoja.

Na walimngoja kwa wema. Maman Adélaïde, mama yake Grégoire, alikuwa mjane wa mwendo wa polepole na mikono isiyotulia. Kila asubuhi alimletea Apolline maji ya moto, akiyajaribu kwanza kwa kiwiko kama maji ya mtoto mchanga. Alimchambulia machungwa hata ngozi nyeupe isibaki. Kwenye sahani ya samaki alimwekea upande wa tumbo, usio na miiba, naye mwenyewe akala kichwa. Grégoire, mume wake, aliyekuwa karani katika ofisi ya mjini, alimletea magazeti ya zamani ayasome. Hata jirani wa ng'ambo ya ua, akipita chini ya dirisha na ndoo yake, alipunguza sauti ili mwali alale.

Apolline hakuwa na usingizi. Alikuwa na miaka kumi na tisa na afya nzuri. Alikuwa na dirisha dogo lenye nondo tatu, na kupitia dirisha hilo aliona ua, mgomba mmoja, bati la jirani, na kipande cha ziwa kisichozidi upana wa mkono. Alikuwa amekwisha kuhesabu nondo, bati, na majani ya mgomba. Mtu akikufungia kwa ubaya unaweza kumkasirikia, na hasira nayo ni kazi ya kufanya. Lakini utamkasirikiaje mtu anayekuchambulia chungwa?

Chini ya godoro alikuwa na karatasi. Ilitoka foyer, nyumba ile ambako wanawake walifundishwa kushona na kulea. Ilisema kwamba Apolline amepokelewa kuwa mwalimu wa kushona, na kwamba lazima afike mwenyewe mbele ya Maman Monique, mkubwa wa foyer, atie sahihi katika kitabu kabla ya saa sita mchana, siku ya Jumatatu tarehe kumi na saba Novemba 1958. Asipofika, nafasi itapewa msichana anayemfuata. Miaka mitatu alikuwa amejifunza kwa masista ili apate karatasi hiyo. Alikuwa akiitoa na kuisoma, kisha akiirudisha, na sasa mahali pa mkunjo palikuwa pameanza kuchanika.

Alipomwonyesha Grégoire, alisema, "Shangazi atafika mbele ya ile siku, Apo. Usijisumbue."

Alipomwonyesha Maman Adélaïde, yule mama aliishika karatasi kwa heshima, akaigeuza, akairudisha. Hakujua kusoma. "Iko karatasi ya muzuri," alisema. "Tutaona, mwali. Ukunywe uji kwanza."

Ampli, mashine ya kukuza sauti, iliingia katika chumba hicho katika wiki ya tatu.

Grégoire na rafiki yake Pascal walikuwa na orchestre ndogo: gita la Pascal, ngoma, maracas, na sauti ya Pascal mwenyewe ambayo wasichana wa Kadutu waliifahamu. Kisha mzungu mmoja aliyekuwa akipiga muziki hotelini alirudi kwao Ulaya, akaacha gita la besi la umeme, la nyuzi nne, na Grégoire ndiye aliyelipata. Zuri sana, jekundu, lakini bila ampli lilikuwa bubu. Ukipiga uzi ulisikia kitu kama mbu ndani ya chupa.

Aliyewatengenezea ampli alikuwa Papa Floribert, fundi wa radio. Alichukua mashine ya sauti ya sinema ya zamani, sanduku la chuma lenye taa tano ndani, zile taa za kioo zinazofanana na chupa ndogo za dawa. Kando yake alitengeneza bafle, sanduku la mbao za libuyu lenye spika moja pana kama sinia, refu hadi kiunoni mwa mtu. Vitu viwili, waya moja katikati. Chumba kilichokuwa na sakafu ya simenti, kufuli, na bati lisilovuja kilikuwa kimoja tu katika nyumba, na hicho kilikuwa cha bibi arusi. Basi ampli ikawekwa humo.

Papa Floribert hakuweza kuingia kwa mwali. Alisimama nje ya pazia, akafundisha kutoka pale, Grégoire akiwa ndani akigusa vitu, Pascal akiwa mlangoni.

"Sikieni muzuri," alisema fundi. "Ya kwanza, waya ya bafle. Mbele ya kila kitu. Ukiwasha ampli na bafle haiko, tumbo la mashine litaungua, na miye sitaweza kulitengeneza. Munasikia?"

"Tunasikia, Papa," alisema Pascal. "Grégoire, siku ya kwanza tuvae kravati nyeusi ama nyekundu?"

"Ya pili, umeme. Mukitoa ampoule pale juu, ile ya kumulika chumba, muweke prizi yenu ya kuvuta umeme. Mashine ikiunguruma sana, ama ikikuuma vidole, geuza prizi, uiingize upande mwingine. Ya tatu, mungoje. Zile taa zinapashwa moto polepole. Museme Salamu Maria tano, bila haraka. Zikiwa nyekundu kama makaa, hapo njo muingize waya ya gita. Sauti iwe chini, kwenye zero. Halafu mupandishe, kidogo kidogo."

"Nyekundu," alisema Grégoire.

"Taa?"

"Kravati."

Nyuma ya pazia, Apolline aliketi kitandani na mikono magotini. Ndiye peke yake aliyesikia. Papa Floribert alitua kidogo, kisha akaendelea kwa sauti ya juu zaidi kidogo, kama mtu anayejua ni nani anayemsikiliza. Alisema bafle isiwekwe juu ya meza, iwekwe chini, kwenye kona ya ukuta, hapo besi itapata uzito. Alisema ampli isifunikwe ikiwa imewashwa. Na mwisho alisema, "Na mukiihamisha, mutazame taa zote kama ziko zimekaa. Asante kwa kunisikiliza, mwali." Akaenda zake.

Tangu siku hiyo ni yeye aliyeiandaa. Grégoire akirudi kazini saa kumi na moja alimkuta amekwisha kufunga waya ya bafle, ameingiza prizi, anahesabu Salamu Maria kwa midomo. Taa tano ziliamka polepole, moja baada ya nyingine. Kisha Grégoire aliketi kwenye kiti cha pembeni, akapiga sauti ya kwanza, na sauti hiyo haikuingia masikioni. Iliingia kwa nyayo, ikapanda mifupani. Chuma cha kitanda kilitetemeka. Apolline alikunja kitambaa akakiweka chini ya mguu wa kitanda, mtetemo ukakoma. Alijifunza kwamba ile butoni ya pili ikizidishwa besi inakuwa matope, na kwamba uzi mnene unataka sauti ishushwe kidogo. Grégoire alimtazama, akasema, "Kumbe weye njo unajua hii mashine kuliko sisi." Alikuwa na tabasamu la kweli. Saa moja hiyo ya jioni, chumba hakikuwa kidogo sana.

Maman Adélaïde naye aliipenda ampli kwa namna yake. Aliisukia kitambaa cha uzi mweupe chenye maua pembeni, akakitandika juu, akaweka chupa ya maua ya plastiki. Apolline alikitoa kila ilipowashwa, akakirudisha kila ilipozimwa, na hakumwambia, kwa sababu alijua kitambaa kile kilikuwa na siku tisa za macho ya mama.

Jumapili tarehe tisa vijana waliibeba ampli. Walikuwa wameitwa kwenye salle, ukumbi wa kule chini, ambako Papa Télesphore aliyesimamia dansi alitaka kuwasikiliza. Wakimpendeza, watapiga pale kila Jumamosi. Waliiteremsha kwa kilima chote cha Kadutu, kwa ile njia ya mawe na mitaro, Pascal mbele, Grégoire nyuma. Walipofika wakafunga waya, wakawasha, wakangoja. Kimya. Wakageuza prizi. Kimya. Pascal akapiga sanduku kwa kiganja, na bado kimya. Papa Floribert alikuwa amekwenda Goma. Wakarudi wamelowa mvua na aibu.

Jioni hiyo Apolline alipangusa sanduku kwa nyuma, akaona taa moja imeinuka kidogo katika tundu lake, unene wa ukucha. Mawe ya njia yalikuwa yameitikisa. Alifunga kitambaa kidoleni, akaisukuma hadi ikakaa. Akafunga waya, akawasha, akahesabu, akagusa uzi wa gita. Ampli ikaimba kama jana.

Pascal alipoisikia akiwa uani alishika kichwa. "Munaona? Inakataa kutoka. Imezoea ndani. Hii ampli iko kama mwali."

Wote wakacheka, isipokuwa Maman Adélaïde. Alisema kwamba kitu kilichokaa kwenye chumba cha mwali kinaweza kweli kuchukua desturi ya mwali, na kwamba wasikilazimishe. Alisema kwa uzito wa mtu aliyewahi kuona mambo. Hata Pascal akaacha mzaha, na ndivyo ilivyokubaliwa: ampli haitatoka. Papa Télesphore ataombwa apande mwenyewe Jumapili inayofuata, awasikilize hapa uani.

Apolline angeweza kusema neno moja. Hakulisema. Ampli ikijua kutoka, itatoka, na saa ile ya jioni itatoka nayo, na chumba kitarudi kuwa nondo tatu na majani ya mgomba. Alijua si vizuri. Alirudisha kitambaa cha maua juu ya sanduku, akakinyoosha pembe zake.

Jumapili tarehe kumi na sita mvua ilikaa mbali. Baada ya misa walipanga kila kitu. Bafle ikatolewa hadi uani, ikawekwa chini kwenye kona ya ukuta. Waya yake ikapita dirishani, kati ya nondo, ikaingia kwa Apolline, na waya ya gita vilevile. Ampli ikabaki ndani na yeye akabaki nayo. Pascal alitoa amri: akigonga ukuta mara moja, Apolline apandishe sauti, mara mbili, ateremshe.

Grégoire aliingia kuchukua gita. Alikuwa na kravati nyekundu shingoni. Apolline alimnyooshea kola.

"Grégoire. Kesho njo Jumatatu."

"Najua, Apo."

"Shangazi hajafika."

"Kesho tutaona namna. Leo unisaidie tu, wote wananitazama." Akamshika shavu, akatoka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haraka.

Maman Adélaïde akaingia na chungwa lililochambuliwa.

"Maman, kesho saa sita mchana nafasi yangu itapewa mwingine."

"Ukule, mwali. Ukiwa na njaa kichwa kinafikiri mabaya." Akamwekea chungwa magotini, akampangusa jasho puani kwa kitenge chake, akaenda kuandaa viti.

Lilibaki dirisha. Pascal alikuwa akiinamia waya.

"Pascal, weye kesho unapita karibu na foyer. Uwaambie wanipe siku tatu."

"Wazungu wa makaratasi wanajua kungoja?" Pascal alitabasamu kati ya nondo. "Shemeji, kushona kwa nini? Weye sasa njo chef wa orchestre. Bila weye ampli haisemi. Utakaa hapa hapa na yenyewe mpaka izeeke."

Alisema kwa mzaha na kwa sifa. Apolline alishika chungwa lake, hakulila.

Papa Télesphore alifika, mtu mnene wa kofia, akapewa kiti chenye mikono. Majirani wakajaa. Apolline aliwaona vipande vipande: bega, kofia, mtoto mgongoni. Alifunga waya ya bafle. Aliwasha. Salamu Maria tano. Taa zikawa makaa. Pascal akahesabu, na muziki ukaanza.

Ulikuwa mzuri. Lazima isemwe hivyo. Besi ilitoka vidoleni mwa Grégoire, ikaingia dirishani kama mnong'ono, ikapita katika taa tano mbele ya magoti ya Apolline, ikatoka tena dirishani nene na laini, ikafika chini ya miguu ya watu wote. Waliinuka. Vumbi la uani lilipanda. Kofia ya Papa Télesphore ilikuwa ikiitikia. Ukuta ukagongwa mara moja, akapandisha. Kila kitu kilipita kwake na kutoka, isipokuwa yeye. Joto la taa lilimpiga usoni. Alisikia wanawake wakicheka, wakisema, "Sikia hiyo sauti," na alijua kwamba wiki ijayo watasema hivyo tena, na wiki itakayofuata, na kila Jumapili atachambuliwa chungwa.

Aliteremsha sauti hadi zero, kwa upole, kama alivyofundishwa. Kisha akazima.

Nje, besi ilikatika. Gita la Pascal likaendelea peke yake, jembamba, kisha ngoma ikasita, kisha wote. Ukuta ukagongwa mara moja. Mara moja tena. Tena.

Walikuja wote hadi kwenye pazia: Grégoire, Pascal, na Maman Adélaïde akiwasukuma kwa bega.

"Iko nini? Imeungua?" aliuliza Grégoire.

"Haikuungua. Nimeizima."

"Umeizima juu ya nini? Papa Télesphore iko pale, anangoja."

"Miye pia ninangoja," alisema Apolline. "Wiki saba. Nimesema kwako, nimesema kwa Maman, nimesema kwa Pascal. Kila mutu ananijibu muzuri. Hakuna hata mumoja aliyenijibu. Kesho nisipotia sahihi, miaka yangu tatu imekwisha. Sikatai desturi. Naomba tu mutu anisikilize mpaka mwisho."

Pascal alitazama viatu vyake.

"Na kitu kingine. Niliwaficha. Hii ampli inaweza kutoka. Ile Jumapili taa moja ilitikisika njiani, ikainuka. Mukifika, munaisukuma na kidole, hivi, inakaa. Basi. Hakuna kingine."

Grégoire alimtazama, kisha akatazama sanduku. "Kwa hiyo siku zote ilikuwa inaweza kutoka."

"Ilikuwa inaweza."

Nje walimsikia Papa Télesphore akiwaambia watu, kwa sauti ya mtu asiye na shida yoyote duniani, kwamba mashine hizi zinahitaji kupumzika, kwamba yeye mwenyewe anapenda kupumzika, na kwamba kama kuna mtu ana maji ya kunywa atayapokea. Akasogeza kiti chake kivulini na kuanza kumuuliza jirani habari za mihogo.

"Vijana, mutoke," alisema Maman Adélaïde.

Wakatoka. Yeye akaketi kitandani kando ya Apolline, na kitanda kikalia. Alichukua lile chungwa ambalo halikuliwa, akaligeuza mkononi.

"Miye walinifungia miezi inne," alisema. "Kule Walungu. Mama yangu akagonjwa. Banasema, mwali hatoki, tutakupelekea salamu. Banapeleka salamu. Walikuwa wema, wale watu, walinipa maziwa kila siku. Nikanyamaza. Nilisema moyoni, kunyamaza njo heshima. Siku walinitoa, mama alikuwa na mwezi muzima kaburini." Alimega kipande cha chungwa, akampa. "Na leo miye nakupa machungwa."

Apolline alikila.

"Virginie nikikutoa na mukono yangu, ataniharibia nyumba. Iko na kinywa, namujua. Lakini sikia." Alifikiri, akihesabu kwa vidole kitu ambacho Apolline hakukijua. "Kwetu mwali akigonjwa sana, anapelekwa kwa muganga. Anawekwa kwenye kipoyi, anafunikwa, anabebwa. Muguu haugusi chini, jua halimuoni. Akirudi, hawahesabu kama alitoka. Hilo hata Virginie hawezi kulikana, kwa sababu yeye mwenyewe alibebwa vile, sababu ya jino tu."

"Lakini miye sigonjwi, Maman."

"Wiki saba hujacheka. Huo njo ugonjwa gani?" Akasimama, akavuta kitenge chake. "Sasa uwashe ile kitu. Muzee wa watu ameongea mihogo mpaka imekwisha."

Apolline akawasha. Wakasema Salamu Maria tano pamoja, mama na mwali, na mama ndiye aliyechelewesha kwa sababu hakupenda kumharakisha Bikira. Orchestre ikapiga hadi saa kumi na mbili. Papa Télesphore alisema wateremke salle Jumamosi, na wasisahau kidole cha kusukuma taa.

Jumatatu asubuhi Grégoire aliomba ofisini ruhusa ya nusu siku. Walikifunga kile kiti chenye mikono kwenye miti miwili ya mikaratusi. Wabebaji walikuwa orchestre nzima, wanne. Maman Adélaïde alimbeba Apolline mwenyewe akamvusha kizingiti, ingawa mgongo wake haukuwa wa kazi hiyo, akamkalisha, akamfunika blanketi la kahawia kuanzia kichwani hadi vidole vya miguu. Kisha akalizungushia kamba, upepo usije ukaliinua.

Ndani ya blanketi kulikuwa na giza na harufu ya sabuni. Apolline aliishika karatasi kifuani. Alihisi kilima kikimwinamisha mbele, akasikia mtaro, mawe, mbuzi, kinu cha mtu, baiskeli. Wiki saba alikuwa amevitamani vitu hivyo, na sasa vyote vilipita karibu yake naye hawezi kuviona. Pumzi yake ilimrudia usoni.

"Nani huyo mugonjwa?" sauti iliuliza.

"Mukwe wangu," alijibu Maman Adélaïde.

"Pole, Maman. Ni tumbo?"

"Ni karatasi."

"Ampli ilikuwa nyepesi," Pascal alisema mbele, akihema.

"Ampli haikukushonea hiyo suruali umevaa," alijibu Grégoire kutoka nyuma, na Apolline alisikia pumzi yake ikiwa fupi, na mti ukihamishwa bega.

Waliingia foyer saa tano na nusu. Apolline alijua wamefika kwa sababu vyerehani vilinyamaza vyote kwa pamoja. Kiti kikatua. Viatu vya mwanamke vikaja, vikasimama. Maman Adélaïde akaeleza, kwa maneno machache, bila kuomba radhi.

Maman Monique hakucheka na hakusema blanketi litolewe. Alisema, "Niko na dada yangu, kwa mume wake pia wanafanya vile." Kisha akaketi chini, sakafuni. Apolline alisikia nguo yake ikikunjika. Kitu kizito na bapa kikawekwa juu ya magoti yake, juu ya blanketi. "Unaandika na mukono gani, Mademoiselle? Pardon, Madame."

"Wa kuume."

Kamba ililegezwa upande huo. Mkono wa Apolline ukatoka, peke yake, katika mwanga wa chumba ambacho hakukiona. Hewa ilikuwa baridi vidoleni. Mtu aliweka kalamu kati ya vidole hivyo, mwingine, kwa kidole kimoja, akamwongoza hadi mwanzo wa mstari. Aliandika jina lake lote, polepole, bila kuliona, akihofia kuvuka mstari. Baadaye aliambiwa hakuvuka.

"Kazi inaanza tarehe moja ya mwezi wa kumi na mbili," alisema Maman Monique. "Shangazi yako atakuwa amefika?"

"Asipofika," alisema Maman Adélaïde, "vijana hawa wako na mabega."

Pascal aliguna. Vyerehani vikaanza tena.

Kurudi kulikuwa kupanda. Walipumzika mara tatu. Chumba kilikuwa kinamngoja juu, na nondo zake tatu, na hata sasa hakuna aliyejua kama ni kwa siku mbili au kwa wiki mbili nyingine. Mara ya tatu walipotua, Apolline alihisi kamba ikilegezwa mahali pa shavu lake la kushoto. Pembe moja ya blanketi ikanyanyuliwa kidogo tu, upana wa vidole viwili, na mkono uliokuwa umeishika ulikuwa na harufu ya machungwa.

"Jua liko upande ule mwingine," alisema Maman Adélaïde kwa sauti ya chini. "Utazame haraka."

Lilikuwa ziwa, lote, tangu ncha moja hadi nyingine.